Gego la Mwisho, Karafuu na Subira: Watu Walivyotafuta Nafuu ya Maumivu ya Jino



Leo sina mshono mpya wa dera wala habari ya vitambaa. Leo nazungumzia jino. Mwezi wa Shaabani uliopita, wakati duka langu limejaa nguo za watu za Idi, gego langu la mwisho la chini upande wa kulia liliamua kuniadhibu. Ni lile gego linaloota ukubwani, na Waarabu wanaliita jino la akili kwa sababu linakuja wakati mtu ameshapata akili zake. Langu liliota limelala, limelisukuma jirani yake. Daktari wa meno akasema halina dawa ila kulitoa, akanichana ufizi, akalitoa vipande vipande, akanishona nyuzi tatu. Mimi fundi cherehani, nilizihesabu kwa kioo nilipofika nyumbani.

Alinipa vidonge na kuniambia nianze kuvimeza kabla ganzi haijaisha. Sikumsikiliza. Nilikuwa siumwi, nikaona dawa ya nini? Nikarudi dukani, nikakata magauni mawili. Ilipoadhiniwa Magharibi ganzi ikaondoka, na mimi nikakaa chini kwenye mkeka nashika shavu kama mtoto. Hata hapo nikajiambia, vumilia. Sisi wanawake tumelelewa na neno hilo. Usiku ule sikulala.

Siku ya pili shoga yangu akaniletea karafuu iliyosagwa, akasema jaza kwenye tundu. Nikajaza. Moto niliousikia siusahau. Siku ya tatu nikarudi kwa daktari machozi yananitoka. Akakuta damu iliyoganda kwenye tundu imetoka, mfupa uko wazi. Hakunigombeza. Akaosha taratibu, akaweka kitambaa kidogo chenye dawa, na baada ya dakika chache yale maumivu yakatulia kama taa iliyozimwa. Nikavuta pumzi. Dawa ile ilinukia karafuu!

Nikamwuliza, vipi karafuu ile ile iniunguze jana na leo iniponye? Akacheka, akasema: "Dada, tofauti ni kipimo."

Wiki ile sikuweza kusema wala kula urojo, nikawa nimelala na simu mkononi nasoma. Skuli nilifika kidato cha nne tu, kisha nikaenda kujifunza ushoni, lakini kusoma sijaacha. Nilichokisoma kuhusu watu waliohangaika kutafuta nafuu ya jino ndicho ninachowaletea leo.

Tabibu wa Andalus

Tuanze na mtu wetu. Abul Qasim al-Zahrawi alizaliwa karibu na Cordoba, katika Andalus ya Waislamu, mnamo mwaka 936, na akafariki mwaka 1013. Aliandika kitabu kikubwa cha utabibu chenye sehemu 30, kinachoitwa al-Tasrif. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na humo alichora vifaa vyake kimoja kimoja: koleo za kung'olea, vijiti vya kunyanyulia mizizi, vyuma vya kukwangulia meno. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakakitumia kwa mamia ya miaka.

Al-Zahrawi aliwaonya watu wasikimbilie kung'oa jino. Alitaka ujaribu kwanza kila njia ya kulituliza. Ikibidi kung'oa, uhakikishe ni jino gani hasa, kwa sababu maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima na bovu likabaki. Aliwalaumu vinyozi wa zama zake waliovuta meno kwa pupa na kuacha mizizi imevunjika ndani. Yeye alitaka ufizi utenganishwe kwanza, jino litikiswe pole pole, ndipo livutwe. Baada ya hapo mgonjwa asukutue kwa siki na chumvi.

Mtu huyu hakuwa na sindano ya ganzi. Dawa yake kubwa ilikuwa ni mkono mwepesi na kumsikiliza mgonjwa. Miaka elfu imepita, na daktari mzuri bado unamjua kwa mambo hayo hayo.

Harufu ya nyumbani kwetu

Karafuu nayo ina safari yake. Asili yake si hapa kwetu, ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na zama za Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, mashamba yakaenea Unguja na Pemba. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu.

Watu wa Asia walikuwa wakitafuna karafuu kwa maumivu ya jino tangu zamani. Siri yake iko kwenye mafuta, ambayo sehemu kubwa ni kitu kinachoitwa eugenoli. Eugenoli hutia ganzi mishipa ya fahamu na huua baadhi ya vijidudu. Katika karne ya 19 madaktari wa meno wakaanza kuichanganya na unga wa zinki, wakapata lipu laini ya kuziba jino linalouma. Lipu hiyo bado inatumika, na ndiyo maana ukiingia chumba cha daktari wa meno, Muscat au London, unanusa Pemba. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinakamua mafuta hayo kutoka kwenye makonyo na majani ya mikarafuu yetu.

Lakini eugenoli ikiwa nyingi huunguza nyama. Kwenye kidonda kibichi, karafuu iliyosagwa inaunguza, na chembe zake zinabaki ndani kama uchafu. Daktari huweka kiasi kidogo, juu ya kitambaa safi, kwenye tundu lililooshwa. Kosa langu lilikuwa hapo.

Na kuna jambo moja lisinipite. Mikarafuu ile ya kwanza ilipandwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Zao lililotuliza meno ya watu wa mbali lilitoka kwenye migongo ya watu ambao maumivu yao hakuna aliyeyauliza. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuanza kuondolewa kisheria hapa hadi mwaka 1897. Kila nikinusa karafuu sasa nalikumbuka hilo. Maumivu ya nani yanahesabiwa na ya nani yanaambiwa "vumilia", hilo ni swali la zamani sana.

Gego lililobadilisha upasuaji

Sasa twende Marekani, mji wa Hartford, Connecticut. Zama hizo kung'oa jino kulikuwa ni kumkamata mtu na kuvuta. Hapo alikuwapo daktari wa meno kijana, Horace Wells, ambaye hakupenda kuwaumiza watu.

Tarehe 10 Disemba 1844 Wells alikwenda na mkewe kwenye maonyesho ya gesi ya kuchekesha. Watu wanaivuta, wanacheka, wanayumba, watazamaji wanafurahi. Kijana mmoja aliyevuta gesi aliruka ruka, akajigonga mguu kwenye mabenchi hadi akatoka damu. Alipokaa, Wells akamwuliza kama anaumwa. Kijana hakujua hata kama ameumia.

Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Wells peke yake aliutazama ule mguu.

Kesho yake alikaa yeye mwenyewe kwenye kiti, akavuta gesi ile, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Dada zangu, jino lenyewe lilikuwa gego la mwisho! Gego kama hili langu. Wells hakusikia maumivu.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari na wanafunzi wao. Gesi iliondolewa mapema, mgonjwa akapiga kelele, na watazamaji wakamzomea Wells kuwa ni mwongo. Alirudi kwao amevunjika moyo. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Oktoba 1846, mwanafunzi wake wa zamani, William Morton, akafaulu mbele ya watu huko huko Boston kwa kutumia etha, na dunia ikampigia makofi yeye. Wells aliendelea kujijaribia dawa mwilini mwake, safari hii klorofomu, mpaka ikamharibu akili. Alifariki Januari 1848, akiwa kifungoni New York, kwa mkono wake mwenyewe. Umri wake ulikuwa miaka 33. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilikuja kumtambua mwaka 1864, miaka 16 baadaye.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu aliyewahurumia wenye maumivu alikosa wa kumhurumia yeye.

Sindano ya ganzi

Gesi na etha zilimlaza mtu. Lilikuwa bado halijapatikana jambo la kutia ganzi mahali pamoja tu. Mwaka 1884, Vienna, daktari Carl Koller aligundua kuwa kokeini inatia ganzi jicho. Muda si mrefu, New York, daktari William Halsted na wenzake wakaichoma karibu na mshipa wa taya, na meno yote ya upande ule yakafa ganzi. Sindano ninayochomwa mimi leo nyuma ya taya inafuata njia ile ile. Lakini Halsted na wenzake walijijaribia wenyewe, na kokeini ikawashika wakawa watumwa wake.

Ndiyo maana wengine wakatafuta ganzi isiyo na ulevi. Mjerumani Alfred Einhorn akapata prokaini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1943 Msweden Nils Löfgren akatengeneza lidokaini, ikaingia sokoni mwaka 1948, na ndiyo inayotumika sana mpaka leo.

Hapo jino likawa linatoka bila maumivu. Lakini ganzi ina mwisho wake. Kazi iliyobaki ilikuwa ule usiku wa kwanza, usiku wangu wa mkekani.

Vidonge tunavyovijua

Aspirini safi ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897. Paracetamol ilijaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1893, ikasahauliwa, ikafufuliwa baada ya vita vya pili vya dunia, na mwaka 1956 ikaanza kuuzwa Uingereza kwa jina tunalolijua sote, Panadol.

Ibuprofen ilipatikana mwaka 1961 huko Nottingham, Uingereza, katika maabara ya kampuni ya Boots. Stewart Adams, mmoja wa waliohusika, aliwahi kuijaribu mwenyewe kabla ya kutoa hotuba Moscow, kwa sababu aliamka na kichwa kinamgonga. Kilichompa kichwa hicho jana yake si cha kusimulia hapa kwetu! Dawa ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 kwa jina la Brufen.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili. Watafiti walikuwa wanatafuta njia ya kupima dawa ipi inatuliza zaidi. Maumivu ya kichwa huja na kuondoka, ya mgongo hayafanani. Ndipo mwaka 1976 wataalamu wawili, Cooper na Beaver, wakaandika juu ya kupima dawa kwa watu waliotolewa magego ya mwisho. Aghalabu ni vijana wenye afya, wamefanyiwa kazi inayofanana, na ganzi ikiisha maumivu yanaanza kwa wakati unaojulikana. Njia hiyo ikawa mizani. Vidonge vingi tunavyomeza leo kwa kichwa, kwa mgongo, au kwa siku zetu za mwezi, vilipimwa kwanza kwenye taya za watu waliong'olewa magego.

Na mizani hiyo ikatoa jibu. Mwaka 2013 watafiti Moore na Hersh walikusanya tafiti zilizokuwapo, wakaonyesha kuwa ibuprofen na paracetamol zikitumiwa pamoja baada ya kutolewa gego zinatuliza vizuri, hata kuliko mchanganyiko mwingi wenye dawa kali za jamii ya afyuni.

Jibu hilo lilihitajika sana. Marekani, kwa miaka mingi, kijana akitolewa gego alikuwa akirudi nyumbani na chupa ya dawa hizo kali, na wapo walioonja hapo kwa mara ya kwanza kitu kilichokuja kuwamaliza. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa meno cha huko kikawaambia wanachama wake wafikirie kwanza dawa za aina ya ibuprofen.

Dada zangu, sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Unga tunaujua ulivyowala watoto wa majirani zetu, na wengine watoto wetu. Unga na dawa hizo ni ndugu wa baba mmoja. Basi mwanao akitolewa jino usimtafutie kidonge kikali cha mtaani kwa kuwa umemwonea huruma. Huruma nayo ina kipimo.

Kwa nini kabla ganzi haijaisha

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alieleza namna aspirini na jamaa zake zinavyofanya kazi, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1982. Mwili ukiumia hutengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini, vinavyoleta uvimbe na kuifanya mishipa ya fahamu iwe mikali. Ibuprofen huzuia visitengenezwe. Vilivyokwisha kutengenezwa haiviondoi. Kwa hiyo ukisubiri uumwe kwanza, umechelewa. Ni kama pasi ya kitambaa cha pamba: unaipiga kikiwa na unyevu, ukingoja kikauke na mikunjo yake utahangaika.

Haya ndiyo ninayoyafanya sasa nikimwuguza mtu nyumbani, na mdogo wangu alipotolewa lake miezi minne baadaye alilala usiku wa kwanza:

- Dawa anaanza ganzi ikiwa bado ipo, baada ya kula kitu laini, kisha anafuata saa. Kwa mtu mzima mwenye afya aghalabu ni ibuprofen miligramu 400 pamoja na paracetamol miligramu 500, kila baada ya saa 6, kwa siku mbili tatu za mwanzo. Kwa mtoto, uliza daktari.
- Paracetamol isizidi miligramu 4000 kwa siku nzima. Tazama pakiti za dawa za mafua, nyingi nazo zina paracetamol ndani.
- Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu, au anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, asiguse ibuprofen bila kumwuliza daktari.
- Siku ya kwanza barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, nje ya shavu. Asisukutue kwa nguvu, asiteme teme, asinyonye kwa mrija, asivute sigara. Damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo bendeji yake.
- Siku ya pili aanze maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu, baada ya kula.
- Aspirini haiwekwi juu ya ufizi, inaunguza. Na karafuu kwenye kidonda kibichi, mmeshasikia yangu.
- Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, au ikija homa, usaha, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida, aende spitali siku hiyo hiyo.

Subira ni nini?

Bibi yangu, Allah amrehemu, aling'olewa meno yake mengi bila ganzi, na alikuwa akijisifu kwamba hakulia. Mimi nilidhani nikimeza dawa mapema nimemsaliti. Lakini tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba Allah hakuleta maradhi ila ameleta na dawa yake, na tukaambiwa tujitibu. Mgonjwa hata funga ya Ramadhani amepewa ruhusa kuila na kuilipa baadaye. Dini haikututaka tuumwe kwa kujionyesha.

Nikimfikiria al-Zahrawi na vyuma vyake, Wells na ule mguu wenye damu, na wale waliochuma karafuu bila kuulizwa hali, naona subira si kukataa dawa iliyo mkononi. Bibi alisubiri kwa kuwa hakuwa na kingine. Mimi nilikuwa na vidonge kwenye mkoba, nikavipuuza, nikaita subira. Kule ilikuwa ni ukaidi tu.

Binti yako akikuambia anaumwa, mwamini kwanza. Mama yako akisema "si kitu, nitavumilia", mletee maji na kidonge chake kwa saa yake.

Nguo za Idi niliwahi kuzimaliza, alhamdulillah, usiku wa mwisho, na urojo nikaula na pilipili zake. Jino la pembe si dawa ya pengo, na pengo langu lipo, lakini haliumi.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote na awarehemu waliotangulia. Amin.